Betri Iliyopeleka Posa Kaole

Nyumbani kwetu Bagamoyo, betri ilikuwa haifi mpaka baba mkubwa aseme imekufa. Ilianza kazi kwenye redio yake. Ikichoka, ilihamishiwa kwenye tochi. Ikichoka tena ilianikwa juani uani, kwenye ungo mmoja na dagaa wa mama, kisha ikapelekwa kwenye saa ya ukutani kumalizia uzee. Na kabla ya kutupwa, baba mkubwa aliiuma. Aliibana kwa meno ya mbele, akaibonyeza hapa na pale, na amini usiamini, rimoti ilifanya kazi siku mbili zaidi. Meno yake yalikuwa kamili, na aliyajivunia kuliko nyumba yake.

Mimi nilichoka kukuta betri katikati ya dagaa. Nikaenda Dar nikanunua betri nne za kuchaji pamoja na chaja yake, nikawakusanya wote sebuleni nikawahutubia kama mgombea ubunge. Mama aliuliza kama hizi nazo zinaanikwa. Nikasema marufuku. Baba mkubwa hakuuliza kitu, nami, kwa ujuaji wangu, sikukumbuka kukataza kuuma.

Wiki ileile barua ya posa yangu ilikuwa inapelekwa Kaole. Kwetu mwoaji haendi. Wanakwenda wazee, na msemaji wa ukoo ni baba mkubwa. Binti nilimpenda mpaka nikawa nasahau kula. Baba yake alishakataa posa mbili za watu wenye hali nzuri kuliko mimi, kwa hiyo tumaini langu lote lilikuwa kinywani mwa baba mkubwa.

Asubuhi ya safari, redio yake ikazimika katikati ya taarifa ya habari. Umeme ulikuwa umekatika, chaja ikawa pambo tu ukutani. Nikasikia kitu kimelia "ka!" chumbani kwake.

Akatoka na betri mkono mmoja, jino mkono wa pili.

"Betri yako haina adabu," akaniambia, na kila neno lilitoka na mluzi.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kulia, kusema kweli. Nikamsihi baba mdogo azungumze badala yake, lakini baba mkubwa alikataa katakata. Alivaa kanzu na kofia, akaitumbukiza ile betri mfukoni, wakapanda bajaji, wakaniacha nazunguka uani na kugombana na kuku.

Ya Kaole alinisimulia baba mdogo. Salamu za baba mkubwa zilitoka na mluzi tangu mwanzo, na nyuma ya pazia wanawake wakaanza kukohoa kwa kuficha kicheko. Baba wa binti, mtu mwenye uso wa kufunga duka, akauliza kulikoni. Basi baba mkubwa akaiweka posa kando na kusimulia yote, dagaa wakiwemo. Akaitoa betri iwe ushahidi. Mwenyeji wake akaipokea, akaigeuza, akaipima uzito kiganjani, na kwa mazoea tu, huku bado anasikiliza, akaipeleka kwenye meno.

Baba mkubwa aliruka mkekani akamdaka mkono.

"Usiume, mwenzangu. Limetosha langu."

Yule mzee akaiweka betri chini polepole, akayapitia meno yake kwa ulimi, moja baada ya jingine.

"Posa huwa najibu baada ya wiki mbili," akasema. "Lakini mtu ameniokoa jino, nimnyime binti?"

Alasiri nilipoiona bajaji inakata kona, baba mkubwa alikuwa ametoa kichwa nje anacheka, na pengo lake lilionekana kabla ya kofia. Nilijua hapohapo. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia dereva.

Mkwe wangu alitoa sharti moja: zile betri na chaja ziende Kaole. Zikaenda, juu ya sinia, kati ya udi na khanga. Kwa hiyo siku hizi kwetu betri na dagaa wamerudi kwenye ungo mmoja. Baba mkubwa haumi tena. Rimoti ikigoma, anaifungua, ananinyooshea betri mbele ya mke wangu, na kusema kwa upole, kwa mluzi:

"Haya, bwana harusi. Mwenye meno sasa ni wewe."

Nami nauma.