Honi ya Tata Kalumba

Kalumba alikuwa na ugonjwa mmoja tu, honi. Akimpita mtu anayemjua, honi. Akimpita asiyemjua, honi vilevile, huenda wakajuana kesho. Mtaa mzima wa Musonoi, mjini Kolwezi, ulizoea kulisikia lori lake kabla ya kuliona. Ila asubuhi ile ya mwaka 1993 lori lilikuwa limezima uani kwake mara ya tatu, na fundi wake, Ntambwe, alikuwa ameketi kwenye tairi akitaka kulia.

Ntambwe alikuwa fundi umeme wa karakana ya mgodi wa shaba kwa miaka kumi na minane. Baba yake aliletwa kutoka jimbo la Kasai kuja kuchimba. Yeye mwenyewe alizaliwa Musonoi, akabatizwa Musonoi, akaoa Musonoi. Kisha mgodi ukaporomoka, mishahara ikakauka, na watu wakahubiriwa kwamba mchawi wao ni Mkasai. Wakaja kuvunja madirisha yake mchana kweupe. Miongoni mwao walikuwamo watu aliowatengenezea redio bure, na hilo lilimuuma kuliko madirisha.

Tangu siku hiyo, mkewe Mushiya na watoto watatu walikuwa wanalala stesheni ya Kolwezi chini ya karatasi ya plastiki, pamoja na maelfu ya wengine, wakingoja treni isiyokuja. Ilikuwa wiki ya tano. Surua ilihama kutoka plastiki hii kwenda ile ikichukua watoto, na tangu juzi Elise, kitinda mimba wa miaka miwili, alikuwa anawaka homa.

Kalumba alikuwa mwenyeji wa jimbo hilo la Katanga, mtu wa upande wa kaskazini, muuza mahindi. Angeweza kujifungia ndani kama wengine. Badala yake alimwita Ntambwe.

"Mi nitabapeleka bote mpaka Mwene-Ditu, kule kwenu Kasai," alisema. "Lakini ni leo tu. Kesho batachoma kamyo, pengine na miye mu ndani."

Na kamyo hiyo, lori lake, ilikuwa mbovu. Kwenye pampu ya mafuta kuna kidude cha umeme: ukiwasha, kinavuta pini na mafuta yanapita, ukizima, pini inashuka na injini inakufa. Kidude hicho kiliungua. Ntambwe alitoa kingine katika kopo la vipuri alilotoka nalo karakana, akakifunga. Lori likanguruma. Kalumba akafurahi, akalitoa getini, akamwona jirani, akapiga honi. Injini ikazima.

Ntambwe alisafisha chujio, akatoa hewa kwenye mabomba, akakaza kila waya. Injini iliwaka vizuri, kisha ikafa. Akarudia, ikafa. Jua lilikuwa linapanda, na kila alipoinama kwenye injini alimwona Elise.

"Bamefanya dawa ku hii motere," Kalumba alinong'ona, akishuku uchawi.

"Tata Kalumba, keti pale mu kiti yako. Usigushe kintu."

Injini iliunguruma dakika kumi bila kukohoa. Kuku wa jirani akakatiza mbele ya lori, mkono wa Kalumba ukamponyoka hadi kwenye honi, pii! Injini ikafa papo hapo.

Ntambwe alisimama kama aliyeitwa jina. Kisha akacheka, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kidude kilikuwa cha volti ishirini na nne, cha malori makubwa ya mgodini, na lori la Kalumba lilikuwa na kumi na mbili. Kilishikilia pini kwa nguvu ya kuazima. Honi ikinyonya umeme kidogo, kinaachia pini, na injini inakufa. Lilikuwa kosa la mtu wa mgodi, ambaye tangu ujana hajashika betri nyingine. Fundi umeme mzima! Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Cha volti kumi na mbili angekipata wapi, na maduka yameporwa? Alikifungua, akachomoa pini na springi yake, akakirudisha kikiwa kitupu. Sasa njia ya mafuta ilikuwa wazi moja kwa moja.

"Haitakufa tena," alisema. "Hata ukitoa funguo, haikufe. Ukitaka kuizima, tia vitesi ya ine, kanyaga freni, achia ambreyaji," akamwonyesha kwa zamu gia ya nne, breki na klachi.

"Na honi?"

"Piga mpaka utachoka."

Saa saba mchana lori lilitoka stesheni na watu thelathini nyuma, Ntambwe akiwemo, Mushiya akiwa amemkumbatia Elise kifuani. Mwisho wa mji, vijana wenye mapanga walikuwa wameweka mti barabarani. Mkubwa wao aliingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akauinua juu.

"Mushuke bote! Bintu binabakia!"

Lori likaendelea kunguruma. Kijana akautazama ufunguo, akaitazama boneti.

"Zima!" alifoka.

"Nitazima na nini, mutoto wangu?" Kalumba alimjibu. "Funguo uko nayo weye."

Wakati huohuo lori la bia lilitokea upande wa pili. Vijana wenzake waliinua mti mbio lipite, wakalikimbilia wakidai fungu lao la bia. Kalumba hakungoja kuambiwa. Alitia gia ya kwanza, akalikwepa lori la bia kwa upana wa kiganja, akapita. Kijana alikimbia hatua chache na ufunguo wake, kisha akasimama. Nyuma ya lori watu thelathini walilipuka kwa vigelegele, na Mushiya, ambaye hakuwa amecheka kwa wiki tano, alicheka mpaka kwikwi zikamshika.

Siku ya nne walifika Mwene-Ditu. Masista wa zahanati walimpokea Elise, na wiki haikuisha homa ikashuka.

Ila Kalumba hakukaa kuiona ikishuka. Asubuhi baada ya kufika, Ntambwe alimwonyesha nyaya mbili za kuunganisha badala ya ufunguo.

"Ukipata kile kintu cha volti kumi na mbili, hiki utupe," alimwambia.

"Sitatupa," alisema Kalumba. "Na nitapita njia ingine, usiogope."

Wakashikana mikono muda mrefu, wala hawakuona haya kulia. Kisha Kalumba akaondoka, akimpigia honi kila aliyesimama mlangoni, watu asiowajua hata mmoja. Ntambwe alisimama barabarani akisikiliza kama fundi anavyosikiliza, na baada ya kila honi aliisikia injini bado inanguruma.