Sauti ya Mama Mdogo

Mama mdogo alikuwa akianika dagaa kwenye mwalo wa Nkome, pale ufukoni wavuvi wanaposhusha samaki, na Kisukuma chake hakikuchanganyika na kitu. Kwa hiyo kampuni moja iliponipa kazi ya kukusanya sauti za kuifundisha akili mnemba lugha yetu, nilianza kwake.

“Itakwenda wapi hii sauti yangu?” aliuliza huku akigeuza dagaa.

“Kufundishia simu, mama mdogo, zituelewe hata sisi.”

Akacheka, akazungumza mpaka jua likapinda: mvua, ndoa, namna ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Sikumweleza kampuni ingeifanyia nini sauti hiyo baadaye. Mimi mwenyewe sikuwa nimeuliza.

Masika yaliyofuata presha ikamwondoa. Tulikuwa tumeshaanua matanga wakati binti yake, anayewauzia chakula wachimbaji huko Geita, aliponipigia akihema.

“Dada, mama amenipigia simu.”

Nilidhani ni majonzi. Lakini alikuwa ameirekodi, akanitumia. Ilikuwa sauti yenyewe, hata kile kikohozi chake kabla ya jambo zito. “Mwangaluka, mayu,” ilisalimia kwa Kisukuma, kisha ikasifu unga wa kusafisha macho, dawa ambayo marehemu hakupata kuiona.

Nikaenda Nkome. Shoga mmoja wa marehemu naye alikuwa amepigiwa, akainunua dawa ile, macho yamemvimba.

“Nilijua ametuachia usia,” akaniambia.

“Ile ni mashine, mama.”

“Nani aliipa mashine sauti yake?”

“Mimi,” nikasema. Akageuka, akaendelea kuchagua dagaa.

Nilipoilalamikia, kampuni ilinijibu kwa upole kwamba marehemu alikubali, na sauti walishaiuza kwa wengine. Wilayani, afisa alinisikiliza vizuri, kisha akauliza mlalamikaji ni nani, maana mwenye sauti amekufa. Nikasema ni mimi na binti yake. Nilikwenda na kurudi mpaka wakanichoka, na hatimaye simu zile zikakoma.

Nikampelekea binti habari hiyo nikitarajia ashukuru. Aliweka mwiko chini.

“Umeizima?”

“Ilikuwa inadanganya watu, mdogo wangu.”

“Najua. Mambo ya dawa sikuwa nasikiliza. Nilikuwa napokea ile salamu, halafu nakata.”

Nilimwomba radhi. Akasema hana neno, akanipakulia ugali na sato, akaenda kuwahudumia wachimbaji waliokuwa wakimwita. Nilikula peke yangu. Hakurudi kukaa nami.