Miguu ya Kantonye Urbain Kalunga

Urbain Kalunga alitembea kwa kipimo cha traverse. Watu wa reli wanalijua jambo hilo. Traverse ni vile vyuma vinavyolala chini ya reli, navyo vimepangwa karibu mno kwa hatua ya mtu mzima, na mbali mno kwa nusu hatua, basi mtu akivipita kila siku kwa miaka ishirini na sita, mwili wake hujitengenezea hatua ya tatu, isiyo ndefu wala fupi. Urbain aliipeleka hatua hiyo sokoni, akaipeleka kilioni, akaipeleka hata kanisani siku ya matoleo, na mkewe, Mama Agar, aliyemfuata katika mstari, kila mara alimkanyaga kisigino.

"Tembea sawa bantu bengine," alimnong'oneza.

"Minyi niko natembea. Weye njo unakimbia. Sadaka haina mabawa."

Alikuwa kantonye, kazi yake kuangalia njia ya reli. Asubuhi alitoka kambi ya reli ya Kamina, nyundo begani, akaenda kilomita tisa kwa upande wa Bukama, akigonga buloni, zile skrubu nene zinazoshika reli, na kuzisikiliza. Iliyojibu vizuri aliiacha, iliyolegea aliikaza. Kisha akarudi zile tisa. Mchana kutwa chini ya mguu ni ballast, kokoto zilizovunjwa, zenye ncha, zinazogeuka unapozikanyaga. Kiatu cha kawaida hakimalizi mwezi pale. Wengine walifunga soli kwa waya wa umeme, wakaenda hivyo.

Yeye alikuwa na mabuti. Aliyanunua Base, kwenye kambi ya jeshi, kwa Mama Lydie, mke wa askari, aliyeuza viatu vya mtumba juu ya gunia mbele ya nyumba yake, na soli yake aliitengeneza Nahum, fundi viatu wa karibu na kituo cha gari ya moshi, kwa mpira wa lori. Nahum alikata mpira ule kwa kisu alichokuwa akikilowesha majini, akaushona kwa uzi wa nailoni mara mbili, akapiga misumari na kuikunja ncha. Soli hiyo ilikaa miaka minne. Ngozi ya juu ilipokufa, Nahum aliing'oa soli, akaifunga kwenye ngozi nyingine, ikaendelea na safari kama kwamba hakuna kilichotokea.

Jumapili moja pasta alihubiri juu ya wana wa Israeli, jinsi walivyotembea jangwani miaka arobaini na viatu vyao havikuchakaa. Njiani kurudi nyumbani Urbain akasema:

"Bale balitembea mu muchanga. Bangetembea juu ya ballast, tungeona."

"Usimuchezee Mungu," Mama Agar akasema.

"Simuchezee. Ninauliza tu nani alikuwa fundi wabo."

Alikuwa mtu wa sala, lakini alikuwa hivyo.

Mguu wa kuume ulianza kumsumbua mwaka ule mvua ilipochelewa. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, hatua kumi za kwanza kutoka kitandani hadi mlangoni. Akashika ukuta, akafika. Baadaye ikawa jioni pia. Alipompelekea Nahum mabuti ili yapigwe msumari mmoja, Nahum aliyageuza, akaangalia soli, kisha, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa, akamwangalia mwenyewe miguuni.

"Yaya Urbain, kisigino chako cha kuume kimelika ndani. Unaangukia ndani."

"Tengeneza soli."

"Soli iko muzuri. Mupila haiishe. Muntu njo anaisha."

Nahum alimwambia avue, akamshika unyayo kama mtu anayepima ndizi sokoni. Pale katikati, mahali ambapo mguu wa mtu huwa na kibonde kidogo, pake palikuwa sawasawa na ubao. Nahum akaeleza kwamba kosa ni lake pia. Alimpa kitu kisichoisha, lakini mpira wa lori haujui mguu, haupindi, haubebi kitu. Mguu ndio uliokuwa ukipinda kwa ajili yake na kwa ajili ya kiatu.

Urbain angeyaacha maneno hayo yapite, kama asingeletewa wiki ile ile habari kwamba mwezi wa kumi na moja kutakuwa na daktari kutoka Kinshasa, wa kupima watu wote wa njia. Atakayeonekana hawezi kutembea ataondolewa kazini, na nyumba ya kambini ataiacha ndani ya miezi mitatu. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya matofali, bati lake limeota kutu. Lakini Exaucée, binti wao wa mwisho, alikuwa ndiyo kwanza ameanza mwaka wa sita wa sekondari, na shule yake ilikuwa upande wa pili wa njia. Wakitoka pale, pa kwenda ni Kabondo-Dianda kwa ndugu zake Urbain, kwenye mashamba, kwenye barabara ambayo lori linaiogopa. Huko mtoto angeshika jembe, na mtihani wa taifa ungebaki habari ya watu wengine.

"Mpaka mwezi wa saba," Urbain alimwambia mkewe. "Afanye mutihani wake. Kisha banifukuze namna banataka."

Akarudi kwa Nahum. Nahum alichukua sandali kuukuu za sponji, akazikata vipande vitatu, kimoja kidogo kuliko kingine, akavibandika kwa gundi kama vilima, akafunika kwa ngozi laini, akaviweka ndani ya buti mahali pa kibonde. Nyuma, kuzunguka kisigino, alishona ngozi ngumu iliyolowekwa na kukaushwa, ili mguu usianguke ndani. Wiki ya kwanza Urbain alisema anatembea juu ya kiazi kitamu. Wiki ya tatu kiazi kikawa mkono wa mtu unaomshika chini. Maumivu hayakuondoka, lakini kuchechemea kuliondoka, na aliyemwona kwa mbali hakujua kitu.

Nyumbani Mama Agar alimwekea maji ya moto na chumvi kwenye beseni kila jioni. Wakati anamkanda, Urbain aliomba kwa sauti. Hakuomba aponywe. Aliomba asiulizwe swali litakalomfanya aseme uongo.

Siku ya kupimwa walipanga mstari nje ya ofisi ya njia tangu saa moja. Daktari alikuwa kijana, hakujua Kiswahili. Shefu wa njia, Mukalay, alikaa kando ya meza kumtafsiria. Mukalay na Urbain walianza kazi mwaka mmoja, wote wawili wakiwa na nyundo. Mmoja akapewa kiti.

Urbain aliingia akitembea vizuri. Daktari aliinua macho, akasema jambo kwa Kifaransa.

"Toa bilatu," Mukalay akatafsiri.

Urbain alibaki amesimama na mabuti yake.

"Bilatu, Kalunga. Bote banatoa."

Akainama. Kamba za mabuti zilichukua muda mrefu. Aliyaweka pembeni, pamoja na vilima vya sponji ndani yake, akabaki na miguu mitupu juu ya simenti. Akaambiwa aende hadi dirishani na kurudi. Alikwenda kwa njia pekee aliyoijua, hatua zile zile za traverse, polepole, akihesabu moyoni kama njiani. Daktari alikunja uso, akauliza. Mukalay akamjibu Kifaransa kirefu, akionyesha kwa viganja vyake nafasi kati ya chuma na chuma. Daktari akatabasamu kidogo. Kisha akamwinamia Urbain, akabonyeza unyayo wa kuume kwa kidole gumba, akauliza tena.

"Anauliza kama mguu iko na shida," Mukalay akasema, bila kumwangalia.

Hapo ndipo swali lenyewe lilipofika. Urbain alitazama ukutani, palipotundikwa kalenda ya mwaka uliopita.

"Mwambie umechoka," alisema. "Mguu umechoka, shefu."

Kwetu, neno hilo hubeba mambo mengi. Suruali iliyochanika magotini imechoka. Daraja ambalo lori haliwezi kulivuka tena limechoka. Mgonjwa ambaye nduguze wameanza kuitana kutoka mbali, naye husemwa amechoka. Mukalay alizaliwa Kamina, hakuna hata maana moja ya neno hilo asiyoijua. Akamgeukia daktari, akasema neno moja tu: "Fatigue," ambalo kwa Kifaransa ni uchovu tu.

Daktari akaandika. Apumzike siku tatu, halafu kazini.

Jioni ile Mama Agar alileta beseni. Exaucée alikuwa mezani na madaftari, mgongo kwao, kalamu imesimama.

"Ulimwambia bukweli?" Mama Agar akauliza.

"Minyi nilisema Kiswahili. Shefu njo alisema Kifaransa."

"Na shefu anajua."

"Anajua."

Mama Agar aliendelea kukanda. Baada ya muda aliona mumewe analia bila sauti, akadhani ni shukrani, akaanza wimbo mdogo wa kumsifu Mungu. Urbain akamgusa bega anyamaze.

"Nilikuwa naomba nipite," alisema. "Pale alipobonyeza, Agar, moyo wangu uliomba anikatale. Ile ile saa, byote bibili."

Mama Agar aliutoa mguu wa kuume majini, akaupangusa, akachukua wa kushoto.

Urbain alilala siku zile tatu karibu zote. Ya nne akaenda. Akaenda masika yote, Nahum akibadilisha sponji kila mwezi kwa sababu ilikandamizwa ikawa kama karatasi, wakati soli ya mpira ilikuwa bado inaonyesha maua yake. Mama Agar alihesabu wiki kwa sala za Jumapili. Exaucée aliacha kusoma kwa sauti jioni ili baba yake asinzie.

Matokeo ya mtihani yalitoka siku ya kazi. Vijana wa draisine, kile kigari kidogo cha mafundi wa njia, walimkuta kwenye kilomita ya sita, wakasimamisha.

"Baba Urbain, mutoto amepita. Bamesoma jina yake mu redio."

Kantonye haketi juu ya reli. Ni mwiko wa kazi, na Urbain mwenyewe aliwakemea vijana wengi kwa ajili hiyo. Siku ile aliketi. Aliweka nyundo kando, akaweka mikono juu ya magoti, akakaa hivyo hata wale vijana wakaanza kutazamana.

"Panda, baba, tukurudishe. Leo ni siku ya furaha."

"Ni ya furaha," alisema. "Rudini. Mumuambie mama yake."

Wakamwacha. Walipogeuka kwenye kona walimwona amesimama na kuokota nyundo. Hakuelekea Kamina. Zilibaki kilomita tatu za kipande chake, na buloni za huko zilikuwa hazijagongwa tangu jana.