Minazi ya Shamba la Misheni

Kanisa letu la Kiprotestanti liligundua dhuluma mwaka aliokuja padri mpya. Kabla yake dhuluma tulikuwa nayo ya kutosha, ila hakuna aliyeihubiri. Kijana huyu wa Kizungu alishuka melini na sanduku moja na hasira nyingi, na haukupita muda akaanza kuwarukia wenye mashamba wa Unguja waliokuwa wakiwafukuza watu waliolima muhogo chini ya mikarafuu yao. Mimi nilikuwa mwalimu katika skuli ya misheni, na ndimi niliyekuwa mkalimani wake. Hasira yake niliitafsiri yote, na pale alipopoa nilimwongezea chumvi.

Ikaundwa Kamati ya Haki. Wajumbe wakamwendea Balozi wa Kiingereza, wakanywa chai, wakarudi. Wakamwendea mwenye shamba mmoja mjini, naye akawapa kahawa na halua, kisha akawauliza kwa adabu zote kama misheni nayo haina shamba lenye watu. Ilikuwa nalo. Mimi na bibi yangu, mzaa mama, tulikuwa tukiishi humo.

Bibi aliletwa misheni akiwa mtoto mdogo aliyetolewa utumwani, hajui hata kwao ni wapi. Alikulia kwenye shamba lile, akaolewa na kufiwa palepale, akapanda muhogo na viazi, lakini mti hata mmoja hakupanda. Unguja ardhi ni ya mwenyewe, mti ni wa aliyeupanda, na humtoi mtu mpaka umlipe miti yake. Ndiyo maana hakuna mwenye shamba anayemwachia mkaazi apande mnazi. Hilo hata watoto walilijua. Padri hakulijua.

Swali la yule bwana lilimchoma, akataka misheni iwe mfano. Sikukuu ya mavuno akaamuru kila nyumba ipande mche wa mnazi, uwe alama ya matumaini. Msimamizi wa shamba, mzee wa kanisa mwenye roho ya korosho, alikuwa Pemba kwenye karafuu. Tukaandamana tukiimba, padri akipita mche kwa mche kuunyunyizia maji na kuuombea. Bibi alipanda wake mbele ya mlango, akaitikia "Amina" iliyosikika mpaka barabarani. Mimi nilitafsiri sala yote, na neno moja ambalo padri alihitaji kuambiwa nikalimeza. Sijutii hata leo.

Msimamizi aliporudi nusura azimie. Lakini nani angeng'oa kilichobarikiwa mbele ya waumini wote? Akangoja siku yake.

Siku yenyewe ikafika, minazi ishatupita vichwa. Misheni ilitaka kujenga shambani nyumba za walimu wa Kizungu, na padri akatumwa pamoja na msimamizi kuja kutuambia tuhame. Niliogopa sana. Bibi alikuwa ameshazeeka, na mshahara wangu ungempatia chumba kimoja tu Ng'ambo ya mji, asikokuwa na jirani wala kaburi la mumewe.

"Shikamoo, bibi," padri alisema kwa Kiswahili alichokwisha kujifunza, macho chini.

"Marahaba. Nshasikia. Basi nilipeni mnazi wangu."

Padri alinigeukia. Nikamweleza desturi, safari hii bila kumeza kitu. Akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza, baba," bibi alijibu. "Ulikuwa unahubiri."

Msimamizi akasema mti usiozaa hauna bei, akamtia padri jembe mkononi: aliyeleta fitina na aiondoe mwenyewe.

"Ng'oa, baba," bibi akasema. "Lakini sali kwanza, kama ulivyosali siku ile. Mie hapa nililetwa nimebebwa. Sitobebwa tena ila kwa jeneza."

Padri hakusali wala hakuchimba. Alimrudishia msimamizi jembe lake, akapanda baiskeli mpaka mjini, akawaambia wakubwa wake kwamba tukifukuzwa, Jumapili atalihubiri jambo hilo kama alivyowahubiri wenye mashamba wengine. Jioni ile habari ilishafika Forodhani mjini, na watu walikuwa washaanza kuicheka misheni. Nyumba za walimu zikajengwa kwengine.

Mwaka uliofuata ikafanywa ibada ya shukrani, akaja askofu mgeni kutoka Uingereza. Alisifu jinsi kanisa lilivyosimama na wanyonge, nami nikatafsiri, meno nimeyauma. Kisha akamwita bibi mbele, awashuhudie watu yale aliyotendewa na kanisa.

Bibi alijikongoja mpaka mbele, akaweka sawa kanga yake.

"Kanisa lilikuja kunitoa," alisema. "Mnazi ndio uliokataa."

Kanisa zima likaangua kicheko. Askofu, ambaye hakujua Kiswahili, alicheka pamoja nao, kisha akanitazama nimpe maana. Kabla sijafungua mdomo padri akasimama, akamtafsiria mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno.