Boti ya Makombora ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliporudi likizo kutoka kwenye kozi ya boti za makombora, baba aliipaka nyumba chokaa. Siku niliyomaliza chuo cha ualimu mimi, aliendelea kupalilia maharage yake. Nasema hili mapema ili ijulikane nilifika nyumbani Mabawe na moyo wa namna gani.

Fizikia nilimfundisha mimi, maana shuleni kwake hapakuwa na mwalimu wa somo hilo. Tuliomba kujiunga na jeshi la wanamaji mwaka uleule, mimi na yeye. Yeye akachukuliwa, jina langu halikutoka. Mimi nikaenda kufundisha sekondari kule Runazi, yeye akapelekwa ng'ambo kusomea mitambo ya boti hizo.

Jumapili baada ya misa majirani walijaa uani. Alieleza vizuri, sikatai. Boti yenyewe si kubwa, urefu wake kama madarasa matano yaliyopangwa mstari. Inavizia nyuma ya visiwa, inarusha makombora yake, inakimbia kabla meli kubwa haijageuka.

"Mnalala wapi humo?" bibi akauliza.

"Vitanda havitoshi, bibi. Mmoja akiamka kwenda zamu, mwingine analala palepale."

Watu wakaguna. Kisha mzee mmoja jirani akaitazama picha kwenye simu, akauliza mbona yale maboksi ya makombora yamekaa kimshazari.

"Ni nafasi tu, mzee. Sitaha ni ndogo," akajibu mdogo wangu.

Sikuweza kunyamaza. "Si nafasi tu. Kombora likiwaka, moto unatoka nyuma yake. Likielekezwa mbele moja kwa moja, moto utaunguza sitaha na watu. Likikaa kimshazari, moto unaishia baharini upande wa pili."

Baba akanigeukia. "Wewe hiyo boti umeiona wapi? Mwache aliyeipanda aseme."

Walicheka wote. Nikaenda kuosha masufuria ambayo hayakuwa hata machafu.

Alasiri mdogo wangu alinifuata migombani, nyuma ya jiko.

"Dada, ulichosema ni kweli. Niliulizwa swali hilohilo kwenye mtihani, nikakosa."

Alikuwa amefeli. Zilikuwa zimebaki wiki chache kabla ya mtihani wa marudio, na akifeli tena angeondolewa kwenye kozi. Akaninyooshea daftari lake. "Nisaidie. Lakini baba asijue."

Nitasema ukweli: nilifurahi. Furaha ilinijaa hadi nikaogopa ataiona usoni. Nikamjibu kwamba nina karatasi za wanafunzi za kusahihisha.

"Sawa, dada," akasema, mkono wake ukiwa bado umelishika daftari mbele yangu.

Nililichukua. Sikulichukua kwa huruma. Nilitaka kuona ile michoro.

Alikuja nami Runazi akakaa siku nne. Tulisoma kila asubuhi kabla sijaenda darasani. Nilimwonyesha kwa nini boti hiyo chini ni chuma na juu ni alumini: uzito ukizidi juu, boti nyepesi kama ile inapinduka kwenye kona. Siku ya tatu tulifika kwenye rada. Nilimchorea dunia ilivyopinda na mlingoti mfupi wa boti unaobeba rada, isiyoona ng'ambo ya upeo.

"Kwa hiyo kombora linafika mbali kuliko boti inavyoona?"

"Ndiyo. Lazima meli au ndege nyingine imwone adui, iwaambie yuko wapi."

Akacheka kwa raha kama alivyokuwa akicheka tukiwa watoto, hesabu ikimtii. Kwa muda huo nilisahau kumwonea wivu.

Alifaulu. Baba ndiye aliyenipigia simu. "Mwenzako kafaulu! Si nilisema huyu ana akili?"

"Ulisema, baba."

Mdogo wangu hakumwambia baba lolote kuhusu msaada wangu, na mimi nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Wiki iliyofuata akanitumia picha yake amesimama sitahani, na chini yake ameandika, "Bila wewe nisingekuwa hapa." Niliitazama mara nyingi, kila mara nikimwangalia yeye kidogo na boti sana. Ilinichukua siku mbili kumwandikia hongera.