Udongo Nilioubeba Kwenye Kiroba

Migomba ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa ya kisukari, zile ndizi ndogo tamu, juu kabisa mlimani, unaacha bodaboda chini unapanda kwa miguu mpaka jasho linakauka. Kwetu Uluguru shamba linafuata upande wa mama. Bibi alipofariki liliwabakia mama yangu na mdogo wake. Mama mdogo alikuwa amejenga pembeni, mama kwenye nyumba ile ile ya bibi. Mimi niliolewa nikashuka mjini, Kilakala, lakini mfungo ukikaribia lazima nipande. Nyumbani kwangu futari bila ndizi za bibi haikuwa futari.

Mwaka mmoja jirani yangu wa mjini alikuwa anang'oa migomba yake apate nafasi ya choo. Ilikuwa kisukari, imenona. Nikaomba miche minne nimpelekee mama, maana mashina mengine ya bibi yalishazeeka.

Sisi mche wa mgomba hatuuhamishi mtupu. Unauchimba na udongo wake, unaufunga hivyo hivyo, ili ukifika ugenini usishtuke. Bibi alifanya hivyo, mama akanifundisha. Nikajaza kiroba, nikakibeba kichwani njia nzima, udongo unanimwagikia shingoni. Mama aliponiona akacheka.

"Mwanangu, umeleta na kiwanja cha jirani?"

Tukaipanda katikati ya migomba ya bibi, nikasema bismillah.

Mwaka uliofuata ile miche ikaanza kuwa njano, majani ya chini kwanza. Yakavunjika, yakaning'inia kuzunguka shina. Shina likapasuka chini. Mama akakata moja, ndani kulikuwa na mistari ya kahawia, kama chai imemwagika kwenye kitambaa. Baadaye ugonjwa ukaingia kwenye migomba ya bibi, shina kwa shina.

Siku hizo mama mdogo alikuwa anaomba sehemu yake apande maharage, na mama alikuwa anamzungusha. Kwa hiyo mama hakutafuta mbali. Nilikuwepo, nimekaa uani namenya mihogo.

"Ulipita hapa juzi unaiangalia migomba mmoja mmoja," mama alimwambia. "Tangu siku hiyo haina raha."

"Dada, unaniita mchawi?"

"Sijakuita. Umejiita mwenyewe."

Mama mdogo alinigeukia mimi. Nadhani alitaka niseme neno. Mimi nikaendelea kumenya mihogo. Wiki ile ile akafunga mkeka na masufuria yake, akahamia na mumewe Mlali kwa binti yake.

Na mimi niliamini. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuwa nikimaliza kuswali namwomba Mungu airudishe husuda kwa mwenyewe. Sikumtaja jina, lakini Mungu alijua ninamsema nani. Mwaka wa pili mama mdogo akafiwa na mumewe. Mama hakwenda msibani. Nami sikwenda, nikasingizia mtoto anaumwa.

Migomba ikaisha yote. Mama akapanda mahindi.

Mimi niliishia darasa la saba. Nilipofika miaka arobaini na kitu nikajiandikisha masomo ya jioni, wanangu wakanicheka, nikaenda hivyo hivyo. Tulikuwa watu wa kila aina. Kijana mmoja aliyekaa nyuma yangu kila nikichelewa alikuwa ananitania, "Mama, leo umeuacha ugali jikoni?"

Mwalimu wa bailojia alikuwa binti mdogo, sawa na mwanangu wa kwanza. Jioni moja akafundisha viumbe wadogo wa kwenye udongo, wale ambao macho hayawaoni. Akasema vile vivimbe kwenye mizizi ya maharage si ugonjwa, ni nyumba za bakteria wanaolisha mmea. Nikafurahi, maana utotoni tulikuwa tunavikwangua. Akasema wapo wanaoozesha majani yakawa mbolea. Kisha akasema wapo na wabaya. Kuna kuvu inayoingia kwenye mizizi ya mgomba ikaziba njia za maji. Majani ya chini yanakuwa ya njano. Ukikata shina, ndani ni kahawia.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, inafikaje shambani?"

"Kwa mche wenye ugonjwa, mama, hata ukiuona mzima. Na kwa udongo. Wa kwenye jembe, wa kwenye viatu."

Kijana wa nyuma akaninong'oneza, "Mama, mbona unalia? Ugali umeungua kweli?"

Jumamosi nikapanda mlimani. Nilimsubiri mama amalize swala ya adhuhuri, nikamweleza palepale kwenye mkeka.

"Vijidudu," akasema.

"Ndiyo mama."

"Vya kwenye kiroba chako."

"Ndiyo mama."

Akakunja mkeka. Halafu akasema neno moja tu, "Msibani sikwenda."

Asubuhi tukashuka pamoja, mvua imenyesha, mpaka Mlali. Mama mdogo alikuwa mlangoni anachambua mchicha. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu." Mama akaniashiria niseme. Nikasema mimi yote, na dua zangu nikazisema.

Mama mdogo hakuacha kuchambua. "Kumbe mchawi ni kiroba," akasema, akacheka kidogo. Mama akalia.

"Nisamehe, mdogo wangu. Rudi nyumbani."

"Nimesamehe, dada. Lakini nirudi kuangalia nini?" Akanigeukia. "Wewe niletee kitu kimoja. Mche wa mama yetu, niupande pale karibu na bafu."

"Imeisha, mama mdogo. Tuling'oa yote."

"Hata kachipukizi kamoja hakajaota kwenye mahindi?"

Kalikuwepo. Mama alikaacha, alikuwa anakapenda. "Kapo," nikasema, "lakini hakafai. Ugonjwa uko ndani."

"Nikikaosha?"

"Hata ukikaosha. Na udongo ule utakaa nao miaka mingi. Pengine hata wanangu wasile kisukari pale."

Akatuangalia miguuni. Viatu vyetu vilikuwa vimejaa tope la mlimani. Karibu na bafu kulikuwa na migomba miwili ya binti yake, na mimi niliyeleta habari zote hizo sikuwa nimefikiria viatu.

"Simameni hapo hapo," akasema.

Akachukua kijiti, akapiga magoti mbele ya dada yake, akakwangua tope la kiatu chake, cha kulia kisha cha kushoto. Vyangu nikakwangua mwenyewe. Tope lote akalikusanya kiganjani, akalitazama.

"Udongo wa kwetu huu," akasema.

Akaenda jikoni akautia motoni, akarudi na maji ya kunawa.