Ummukulthum Alipokwenda Granada

Katika ofisi ya nyumba za kaunsili ya mji pale Barking, London, kila Januari Jane alikuwa na swali lile lile. Jane ni Mwingereza aliyekaa meza ya mbele ya Ummukulthum kwa miaka mingi, na kila majira ya baridi yeye na mumewe walipanda ndege kwenda kuutazama mji wa kale, mwaka huu Praha, mwaka mwingine Venisi, kisha akarudi na biskuti za huko na picha za makanisa. "Na wewe ulikwenda wapi?" ndilo swali lenyewe. Ummukulthum alikuwa na majibu ya kila namna. Mwaka mmoja alijibu Leicester, bila ya kusema kwamba alikwenda kwenye hitima. Mwaka mwingine alijibu Milton Keynes, na huko pia kulikuwa na maiti.

Maana huyu mama, tuseme ukweli, likizo zake zote zililiwa na wafu. Alifika London mwaka 1979, binti wa Kizanzibari ambaye wazee wake walishakimbilia Dubai. Watu wa kwao walikuwa wachache na wametawanyika, na akifa mwanamke, kumpata wa kumwosha ilikuwa shida. Kazi hiyo ilikuwa ya Bi Zuwena wa Thamesmead, na ndiye aliyemshika mkono Ummukulthum akamfundisha: maji yawe vuguvugu, shuka lisogezwe bila ya mwili kufunuka, na zaidi ya yote mdomo ufungwe. Ulichokiona pale unakiacha pale pale. Ummukulthum aliishika kazi hiyo karibu miaka ishirini, na hakuna siku aliyokataa kwenda. Simu ikilia, anavaa baibui, anamwachia mumewe sufuria motoni. Watu walimsifu mno. Sifa zina utamu wake, asikwambie mtu, lakini hazimfikishi mtu Venisi.

Mumewe, Himid, ndiye aliyeleta habari za Granada. Aliona kwenye televisheni kipindi cha kasri la Alhambra, nguzo na mabirika na kuta zilizoandikwa Kiarabu toka chini mpaka juu, akamwita mkewe kutoka jikoni aje aone walivyojenga watu wetu. Katika watu wetu hao hakuna hata mmoja aliyetokea Vikokotoni kwao Unguja, lakini Himid kila siku alishinda akiandika hesabu katika duka la vipuri vya magari, na mtu kama huyo akipata cha kujivunia si rahisi kumnyang'anya. Wakakata shauri. Disemba ile ya 2003, Ramadhani imeshapita na Idi imeshaliwa, watakwenda kutembea kama watu wengine wanavyotembea.

Kupanga kwenyewe kulikuwa na raha kuliko harusi. Himid alinunua kitabu cha watalii akakisoma kama mwenye mtihani. Alipiga simu Hispania kuagiza tiketi za kasri, kwa sababu ukikosa saa uliyopangiwa hawakuingizi hata uwe mjukuu wa aliyelijenga. Akaichora safari yote: siku ya kwanza watafika na kupumzika, ya pili kasri, ya tatu mtaa wa vichochoro ulio kilimani, na kule kule watasali katika msikiti mpya uliofunguliwa mwaka ule. Juu ya chakula walibishana wiki nzima. Himid alisema samaki wapo kila pahala. Mkewe akatia begini tambi, makopo ya jodari na birika dogo la umeme, maana hakuna safari ya Mzanzibari isiyokuwa na birika. Alinunua na koti jekundu, yeye ambaye makoti yake yote yalikuwa ya kwendea mazikoni, akalijaribu mbele ya kioo mara ngapi sijui. Binti yao Zahra, aliyezaliwa huku na ambaye husemeshwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza, aliwaambia waende wakafurahi, na safari hii wasirudi na mizigo ya watu.

Zaidi ya Zahra hakuambiwa mtu. Hilo lilikuwa sharti la Ummukulthum. Ukisema unakwenda Unguja kila mtu anakuelewa. Ukisema unakwenda kutazama kuta za Hispania, na kwenu kuna paa linavuja, utasemwa mpaka ukome. Kwa hiyo alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomponza, kwa sababu siku zile zile Bi Zuwena alikuwa mgonjwa wa moyo.

Kila Jumamosi Ummukulthum alikwenda Thamesmead kumtazama. Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, Nusra, bintiye Bi Zuwena, alipokwenda jikoni kupika uji, mgonjwa alimvuta Ummukulthum mkono amkurubie. Lipo jambo walilokuwa wanalijua wao wawili tu. Miaka ya nyuma, Nusra akiwa bado anaishi Muscat na mumewe, Bi Zuwena alikatwa titi la kushoto kwa saratani. Watu waliambiwa ni vijiwe vya nyongo. Ummukulthum ndiye aliyekwenda naye hospitali, akamfunga kidonda, akamshonea na pedi ya pamba ya kuzibia pengo. Hata Nusra aliporudi London kukaa na mama yake hakuambiwa kitu. Bi Zuwena aliona jambo kama hilo mama hamwonyeshi mwanawe, na kwa ukaidi hakuwa na mfano.

"Nikifa, unikoshe wewe," alisema. "Nusra usimwache akaingia. Sitaki anione."

"Nitakukosha mimi, Bi Zuwena. Lakini utapona kwanza."

"Niahidi."

Ummukulthum akaahidi. Hapo hapo ilimpasa aseme kwamba wiki ijayo hatakuwapo, na hakusema. Alijiambia ni siku chache tu, na Bi Zuwena ni mtu wa kuugua akainuka. Mlangoni alimwambia Nusra wataonana Jumamosi kama kawaida, na alipokuwa anashuka ngazi aliona haya, haya ndogo, ya kumezeka.

Jumatatu mchana mabegi yalikuwa mlangoni, teksi ya kwenda uwanja wa ndege imeshaitwa, na Himid anatafuta miwani aliyoivaa kichwani. Simu ikalia. Walisimama wote wawili wakiitazama, na kabla hawajaamua nani apokee, mashine ya kurekodi ujumbe ikapokea. Sauti ya Nusra ikaijaza nyumba.

"Mama mdogo, ni mimi. Mama ametangulia, alfajiri ya leo. Tunazika kesho baada ya adhuhuri. Njoo mama mdogo, alisema wewe ndiye wa kumkosha. Nipigie."

Himid alinyoosha mkono kuishika simu. Ummukulthum akauzuia mkono ule kabla haujafika.

"Tumeshaondoka," alisema.

Himid alimtazama. "Kulthum. Si hatujaondoka."

"Tumeshaondoka, Himid. Hatukusikia kitu."

Aliyesema ni yeye, si mumewe. Himid angeyarudisha mabegi chumbani bila ya kunung'unika, ndivyo alivyoumbwa. Lakini katika dakika ile Ummukulthum aliziona likizo zake zote zimejipanga, kila moja na jeneza lake, na roho yake ikagoma kama punda katikati ya njia. Waoshaji wengine wapo, alijiambia, na wawili kawafundisha mwenyewe. Habari ya titi hakujiambia kitu. Teksi ilipopiga honi walitoka, na mlango akaufunga yeye.

Granada ni nzuri, tusiudhulumu mji wa watu. Milima nyuma ya kasri ilikuwa na theluji, na kwenye miti ya barabarani machungwa yamening'inia, hapana anayeyachuma. Himid alisoma kitabu chake mbele ya kila ukuta, ila sauti ilikuwa imepoa, na mkewe hakumtazama usoni. Kasrini waliingia kwa saa waliyopangiwa. Walipofika kwenye ua wenye birika refu la maji yaliyotulia, Ummukulthum alitazama saa yake, akajua ndiyo wanamwosha sasa hivi. Wageni walikuwa wakipigana picha. Yeye alikuwa akijiuliza nani ameyapima maji, nani ameshika shuka, na kama Nusra wamemtoa nje au wamemwacha. Uso ukamwaka moto katika baridi ile, mbele ya watu ambao hakuna hata mmoja aliyemjua. Aliona haya mpaka akataka kujifunika.

Alimwomba Himid wakae pembeni. Wakakaa, kitabu kimefungwa.

"Turudi London?" Himid aliuliza.

Aliuliza kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko kama angemgombeza. Alimjibu kwamba hakuna cha kurudia, wenzao saa hizi wanamaliza. Siku zilizobaki walizitembea kama wagonjwa wanaomaliza dozi. Msikiti mpya waliuona, wakasali, na Ummukulthum alipoinua mikono kumwombea Bi Zuwena hakujua aanzie wapi.

Waliporudi nyumbani Ijumaa alimpigia Nusra hata koti hajavua. Alimwambia waliondoka tangu asubuhi siku ile, safari ya ghafla ya Himid, na ujumbe ameukuta sasa hivi. Kisha akalia. Machozi yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomtia soni zaidi, kwamba alikuwa anaupambia uongo wake kwa machozi ya kweli. Himid alisimama karibu akisikiliza. Halafu akabeba mabegi akapanda juu.

Kesho yake walikwenda Thamesmead kutoa taazia. Wanaume walikuwa kwa jirani, na wanawake wamekaa chini sebuleni, kisomo kimekwisha, chai inapitishwa. Ndani ya gari Ummukulthum alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri, lakini hakupata nafasi ya kuyatoa. Nusra alimwona tu mlangoni, akaja mbio, na alipoketi akapiga magoti mbele yake akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nikusamehe nini, mwanangu?"

"Nilichelewa kukupigia. Mama kafa alfajiri, mimi nikahangaika na hospitali na makaratasi mpaka mchana. Ningelikupigia pale pale, ningelikukuta nyumbani."

Ummukulthum alijaribu kumnyamazisha, akamwambia haya ni mambo ya Mungu. Nusra akatikisa kichwa. Sauti ikashuka, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia. Waoshaji waliokuja walikuwa wawili, mmoja ana homa mikono inamtetemeka, wakahitaji mtu wa kumimina maji. Akaingia yeye, Nusra.

"Nimemwona," alisema. "Nilipiga ukelele, mama mdogo. Nilimpigia mama yangu ukelele, kama nimeona kitu cha kutisha. Nikauacha mtungi ukaanguka, nikatoka mbio. Sasa ndiyo najua kwa nini alikutaka wewe. Ningelikupigia mapema nisingelimfanyia vile."

Neno la kumtua Nusra mzigo ule Ummukulthum alikuwa nalo, na lilikuwa fupi: nilikuwa nyumbani, nilikusikia. Akainua macho, akawaona wanawake wale na vikombe vyao mikononi, wote wanamtazama kwa huruma. Wengi wao aliwaoshea mama zao. Alizifikiria sura zao zitakavyokuwa akishalisema, akafikiria na simu yake ya nyumbani isiyolia tena. Mwanamke aliyekuwa na kazi ya kuwasitiri wenziwe alijiona yuko uchi katikati ya sebule ya watu, na hakuna aliyelijua hilo isipokuwa yeye na Himid.

"Sema umenisamehe," Nusra alimwomba. "Silali mpaka useme."

"Nimekusamehe," alisema Ummukulthum.

Nusra akamlalia mapajani, akalia kwa kwikwi za mtu aliyepumua. Wanawake walimshukuru Mungu. Bibi mmoja wa Kipemba aliyekaa karibu na dirisha akakiweka kikombe chake chini akamwambia Ummukulthum kwamba na yeye siku yake ikifika hataki mtu mwingine wa kumkosha, amwahidi hapa hapa mbele ya watu. Chumba kizima kilimgeukia, wakasubiri. Ummukulthum akaitikia kwa kichwa, kwa sababu mdomo ulikataa kufunguka.